Gugu maji, kunguru na kanga: Mgeni asiyekubali jembe

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MIEMBE inayotoa kivuli katika mji wa Tabora na katika vijiji vilivyo kwenye njia ya kuelekea Ujiji haikuwa ya hapa tangu asili. Mti huo chimbuko lake ni Asia ya Kusini, na inaaminika kwamba kwa kiasi kikubwa ulisambazwa barani na watu wa misafara ya karne ya 19, waliokula embe na kutupa kokwa kila walipopiga kambi.

Leo hakuna mkazi wa Tabora anayeuita mwembe mgeni. Unatoa kivuli, unatoa matunda, na haujaufukuza msitu wa miombo ambao nyuki wa mkoa huu wanautegemea.

Hata hivyo, njia hiyo hiyo ilipitisha mgeni wa aina nyingine. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, nchini Angola, na pamoja na shehena yake akashuka funza, mdudu anayejichimbia chini ya ngozi ya mguu, ambaye wengine humwita tekenya. Alivuka Kongo miguuni mwa wapagazi na askari, akafika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla karne haijakwisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi na Zanzibar. Ilimchukua takriban miaka 25 kulikata bara zima.

Mwembe na funza walipita njia moja, wakasafirishwa na watu wale wale. Mmoja amekuwa mwenyeji, mwingine amebaki adui. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wa viumbe vamizi, ambao kwa Watanzania wengi bado unaonekana kuwa ni wa wataalamu na makabrasha yao tu.

Lipo eneo moja ambalo mjadala huo unaweza kueleweka na kila mtu, nalo ni la nguo na ususi. Kanga, ukili, katani na vikapu vinavyosukwa kwa gugu maji vina habari nyingi za wageni na wenyeji kuliko wengi wanavyodhani. Na swali lake ni zito: Je, mgeni aliyevamia anaweza kugeuzwa mali bila mwenyeji kuangamia?

Kwa kuanzia, ikumbukwe kwamba katika njia ya misafara fedha yenyewe ilikuwa ni kitambaa. Wanyamwezi, ambao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuifungua njia ya kutoka Unyanyembe hadi pwani, walibeba pembe za ndovu wakishuka na majora ya vitambaa wakipanda. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki ya rangi nyeusi iliyotoka India.

Kitambaa hicho kilipimwa kwa mikono, shuka na doti. Ndicho kilicholipa ujira wa wapagazi, kilichonunua chakula njiani, na kilicholipa ushuru wa watawala wa maeneo yaliyopitiwa. Ushuru huo uliitwa hongo, neno ambalo leo lina maana nyingine kabisa.

Kabla ya hapo, Unyamwezi haikuwa uchi. Wasafiri wa karne ya 19, akiwemo Mwingereza Richard Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, waliandika kuhusu wafumaji wa pamba na vitambaa vyao vizito. Aidha, watu walivaa nguo zilizotengenezwa kwa magome ya miti na kwa ngozi za wanyama.

Ufumaji huo ulififia kadiri merikani ilivyozidi kumiminika. Kitambaa chepesi na cha bei nafuu kilichofumwa kwa mashine kilichukua nafasi ya kile kilichomgharimu mfumaji siku nyingi za kazi. Kwa lugha ya leo, mtu anaweza kusema kwamba merikani ilikuwa vamizi miongoni mwa nguo: ilikuja ikipendwa, na ilipokwisha kuenea, ya mwenyeji haikuonekana tena.

Lakini watu wa pwani hawakuiacha nguo ya kigeni ibaki ilivyokuja. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, Zanzibar na Mombasa, leso zilizochapwa ziliunganishwa, zikazaa vazi jipya lenye pindo, mji na, baadaye, jina. Vazi hilo lilipewa jina la ndege mwenye madoadoa, kanga, ambaye ni mwenyeji halisi wa mbuga za Afrika.

Ukizitazama kanga kwa makini, utaona jambo la ajabu. Pambo lake mojawapo linalojulikana zaidi ni korosho. Mkorosho uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16. Maembe huchorwa pia, nayo yametoka Asia. Hivyo basi, vazi lililobeba jina la ndege mwenyeji limekuwa pia albamu ya wageni waliopokelewa.

Hali hiyo haiishii kwenye kanga. Nembo ya Taifa ina karafuu, zao lililoletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Mkonge, ulioipa nchi hii jina duniani, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilikuwa takriban 1,000 na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba ya Tanga, na hatimaye kamba, mazulia na vikapu vya katani.

Kwa mantiki hiyo, hoja kwamba kila kiumbe cha kigeni ni adui haina mashiko. Waswahili walilijua hilo zamani waliposema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo hakipaswi kuwa mahali mgeni alikotoka. Kipimo ni kile anachomwachia mwenyeji wake.

Ni kipimo hicho kinachotufikisha visiwani, ambako nafasi ya mwenyeji ni finyu. Bara lina mahali pa kukimbilia, kisiwa hakina. Ripoti ya jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, IPBES, iliyotolewa Septemba 2023, ilieleza kwamba binadamu wamehamisha zaidi ya spishi 37,000 kwenda maeneo yasiyo ya asili yao, na zaidi ya 3,500 kati ya hizo zina madhara. Viumbe vamizi vimechangia asilimia 60 ya matukio ya kutoweka kwa spishi yaliyorekodiwa duniani.

Miongoni mwa matukio ya kutoweka ambayo chanzo chake kikuu ni viumbe vamizi, asilimia 90 yalitokea visiwani. Kwa nchi yenye Unguja, Pemba, Mafia na mamia ya visiwa vya Ziwa Victoria, takwimu hiyo si ya kupitiwa juu juu.

Mfano ulio karibu zaidi ni kunguru weusi wa Zanzibar. Inaelezwa kwamba waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Taka zilibaki, kunguru wakazaana. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, huiba vifaranga, na walivuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha wakaanza kupanda kuelekea bara.

Katika miaka ya 1990 kampeni ya mitego na sumu ilipunguza kunguru Unguja kwa kiwango kikubwa. Ilipokoma kabla ya kumaliza kazi, walirudi. Lugha ya Kiswahili ina msemo kwamba kunguru hafugiki. Yaliyotokea Unguja yanaonyesha pia kwamba kunguru hamaliziki kwa kazi ya nusu nusu.

Kinyume chake ni kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Huko panya walioingia kupitia vyombo vya baharini waliangamizwa mwaka 1997, na ulinzi dhidi ya wageni wengine ukaendelea. Leo kisiwa hicho ni kimbilio la kaa wakubwa wa nazi na paa nunga, ambaye ni miongoni mwa swala walio katika hatari kubwa ya kutoweka barani Afrika.

Hata hivyo, haki itendeke: si kila balaa la visiwani limeletwa na mgeni. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee, anasumbuliwa zaidi na ukataji wa misitu na magari barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa awali, lakini bado ni ndogo kwa mnyama ambaye asili yake haiko kwingineko duniani.

Habari za kima huyo zina funzo la pekee. Wanaoishi karibu na mashamba, pembezoni mwa msitu wa Jozani, hula majani ya miembe na mikungu, ambayo ni miti ya kigeni. Majani hayo yana kemikali zinazozuia usagaji wa chakula tumboni. Watafiti walieleza katika miaka ya 1990 kwamba kima hao huchukua mkaa kutoka kwenye tanuri na majiko ya wanavijiji, wakautafuna ili kupunguza makali ya sumu hiyo. Mwenyeji amejifunza kula mezani kwa mgeni, lakini akiwa na dawa mkononi.

Popo wa Pemba naye ni ushahidi kwamba kazi ya jamii inalipa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba waliosalia walikuwa wachache mno. Wanavijiji walianzisha vikundi vya kulinda makazi yao, na katika miaka ya 2000 hesabu ilikuwa imepita 20,000. Hawakuokolewa na ripoti. Waliokolewa na watu waliokubali kwamba popo yule ni wao.

Msomaji wa Tabora anaweza kuuliza: haya ya visiwani yananihusu nini? Jibu limo ndani ya bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria ulifika Tabora, Nzega na Igunga, miji iliyokuwa ikitaabika kwa ukame miaka nenda rudi. Kwa mara nyingine mkoa umeunganishwa na maji makubwa kwa njia ndefu, safari hii bila wapagazi. Kinacholisibu ziwa sasa kinaisibu Tabora pia.

Na ziwa hilo limesibiwa na mengi. Sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 alileta viwanda na fedha za kigeni, lakini kuongezeka kwake kulichangia kupotea kwa mamia ya aina za furu ambao hawakupatikana kwingineko. Kisha likaja gugu maji kutoka Amerika ya Kusini.

Tanganyika ililiona gugu hilo katika mito ya Sigi na Pangani miaka ya 1950. Katika Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980 na, kufikia mwaka 1998, lilikuwa limefunika maelfu ya hekta, likifunga mialo, bandari na vyanzo vya maji katika nchi zote tatu. Mwanzoni mwa 2025 gugu jingine, Salvinia, lilisumbua vivuko kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, miezi michache kabla ya daraja la JPM kufunguliwa.

Ni hapo ndipo ususi ulipoingia. Tangu miaka ya 1990, Kisumu nchini Kenya na baadaye sehemu nyingine za ziwa, vikundi vya mafundi vilianza kuvuna mabua ya gugu maji. Bua hukatwa majani na mizizi, huoshwa, huanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka ligeuke kahawia, kisha husukwa kama ukili na kufungwa kwenye fremu. Hutoka viti, vikapu, mikeka, mikoba na vivuli vya taa.

Kazi hiyo ina hekima ya kale. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gugu lilikaa zaidi ya siku mbili. Wanawake na vijana wa kando ya ziwa wakalipa jembe, likawalisha na kuwasomeshea watoto. Heshima wanayoistahili mafundi hao haina ubishi.

Tatizo ni hesabu. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugu maji ni maji. Tani nzima iliyovutwa ufukweni, ikishakauka, hubaki sehemu ndogo tu ya uzito huo. Wakati huo huo, katika maji yenye mbolea na takataka za miji, gugu hilo linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Mche mmoja ukiachwa kwa wiki 16 kwa kasi hiyo unakuwa miche 256. Hakuna kiwanda cha vikapu kinachoweza kushindana na hesabu hiyo.

Kilichopunguza gugu hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na mawimbi na hali ya hewa ya El Niño, ni fukusi wadogo ambao asili yao ni huko huko Amerika ya Kusini, waliofugwa na kuachiwa ziwani kuanzia mwaka 1995 nchini Uganda, kisha Kenya na Tanzania. Kwa maneno mengine, mgeni alidhibitiwa na mgeni mwenzake aliyechunguzwa kabla ya kufunguliwa mlango.

Ipo pia hatari isiyosemwa sana. Bidhaa ikishapata soko, malighafi yake hupata mtetezi. Kikundi chenye oda ya viti 200 hakiwezi kufurahia ufukwe uliosafishika. Mfanyabiashara mwenye mtaji anaweza kushawishika kulihamishia gugu kwenye bwawa lililo karibu na karakana yake. Wavu wa mvuvi au mtumbwi uliopakiwa kwenye lori vinatosha kulifikisha ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la hifadhi ya kimataifa tangu mwaka 2000, ambalo sehemu yake imo mkoani Tabora na ambako anaishi korongo nyangumi.

Kwa sababu hiyo, mafanikio ya ususi wa gugu maji hayapaswi kupimwa kwa idadi ya vikapu vilivyouzwa. Yapimwe kwa eneo la maji lililobaki wazi. Leseni na misaada kwa vikundi iambatane na masharti matatu: kuvuna mahali gugu lilipo tu, kutosafirisha mmea mbichi, na kumfundisha fundi kazi nyingine ya ukindu, milala au katani ambayo ataishika siku gugu litakapokwisha.

Lakini kuna kazi ambayo nguo na ususi vinaweza kuifanya vizuri kuliko fukusi au sumu ya kunguru, nayo ni kuwafanya watu wamtambue mgeni na mwenyeji. Wasanii wa ukanda huu wameshaanza kuonyesha njia. Acaye Kerunen wa Uganda, aliyeiwakilisha nchi yake katika maonyesho ya Venice mwaka 2022, hutumia ukindu, nyuzi za migomba na nguo za magome zinazosukwa na wanawake wa vijijini, akiyahusisha na uhai wa ardhioevu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka 2017, ameitumia kanga kama kurasa za kuzungumzia historia.

Kanga yenyewe imekwisha kutumika katika kampeni za uchaguzi, malaria na Ukimwi. Imeingia katika nyumba ambazo gazeti haliingii. Haikuwahi kushindwa kubeba ujumbe. Mara nyingi ujumbe ndio ulioshindwa kuifikia. Kima punju kwenye mji wa kanga, gugu maji likizunguka kwenye pindo, na jina moja lenye makali ya Kiswahili vingefanya kazi ambayo semina kumi za hotelini hazikuifanya.

Tanzania inao mkakati wa taifa wa kukabiliana na viumbe vamizi wa mwaka 2019 hadi 2029. Muda wake unayoyoma, na bado mwananchi wa kawaida hajui ni mmea upi anaopaswa kuutolea taarifa akiuona mtoni. Pamba inalimwa Igunga na Nzega. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo, mwanzo wa njia ya misafara. Makumbusho ipo Kwihara, katikati yake, katika nyumba iliyojengwa upya ambako David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi na mizigo. Njia yote, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia.

Vipande vyote vya kazi hiyo basi vipo, ila havijashonwa pamoja. Wizara zinazohusika na mazingira na utamaduni, viwanda vya nguo na vikundi vya wasusi havihitaji kusubiri mfadhili ili kukaa meza moja.

Historia ya Tabora inatoa onyo lililo wazi. Waliofungua njia walihesabu kila doti ya merikani na kila pembe ya ndovu, lakini hakuna aliyemhesabu funza mguuni mwa mpagazi. Alipoonekana, alikuwa amekwisha kuvuka bara. Leo mizigo inapita kwa reli, malori na mabomba, na haraka zaidi. Swali ni kama safari hii yupo wa kutazama miguuni.